Pumzi Aliyoiuza Baba Yako Mdogo

Festo mwanangu,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naiona kutoka hapa nilipokaa: uko uani unakunja mashati, na mama yako anayakunjua na kuyakunja upya kwa namna yake. Jua bado liko juu ya migomba. Nimemwambia asiniite mpaka nimalize. Mambo ya kufua, kula, kusali na kuamka mapema atakuambia yeye, na kwa sauti ninayoisikia ameshaanza.

Mimi nina jambo moja, na ni la kutia kinyaa. Nimelimeza tangu siku ile bibi yako alipotukalisha akasema Melkiori amefungua duka la dawa Kibondo, anataka kijana wa damu yake amsaidie, na kijana huyo ni wewe. Ulikubali kabla sijaweka kijiko chini. Sikukataa. Wewe ni mtu mzima, na hapa Nyakitonto kuna jembe, maharage na mihogo, vitu ambavyo umevizoea kuliko unavyovipenda. Lakini kesho utalala chini ya paa la baba yako mdogo, na habari yake unaijua nusu tu.

Nusu unayoijua ni ile ya ugonjwa wangu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeniuguza. Hata hiyo nitaisema, maana nadhani uliiona kwa macho yako na hukuiona kwa macho yangu.

Unakumbuka tumbo lilivyokuwa limevimba, choo hakipatikani, na nilivyokuwa nikinuka mdomoni mpaka mama yako anajifanya hasikii. Walipogundua uvimbe kwenye utumbo mpana nilifikiri nitapasuliwa kesho yake. Yule daktari wa upasuaji akaniwekea chombo chake mgongoni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Niliacha."

"Lini?"

"Juzi."

Hakucheka. Akaniuliza kazi niliyofanya nikiwa kijana, nikamwambia: mabani ya tumbaku, yale mabanda ya kukaushia, kule Kasanda. Tulikuwa tunachochea moto usiku na mchana ili majani yakauke, tunatoka macho mekundu, halafu tunakaa nje tunavuta kile tulichokikausha. Wewe hukuwahi kunijua na kifua kizima. Ulizaliwa ukakuta nakohoa, ukadhani ndivyo baba wanavyokuwa.

"Uvimbe nitautoa," akasema daktari. "Ila nikikupasua leo, tumbo litapona na kifua kitakuua. Nenda kwanza kwa mtu wa mazoezi."

Ndivyo tulivyofika kwa Dada Rehema. Mimi nilitegemea mtu wa kunikanda miguu. Yeye akanilaza, akaniwekea kiganja chini ya mbavu, akaniambia nivute hewa. Kiganja chake hakikusogea. Akasema hapo katikati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana, umetandazwa kama ngozi ya ngoma, na huo ndio unaovuta hewa. Wangu ulikuwa umelegea. Akasema mtu akishapasuliwa tumbo anaogopa maumivu, basi anapumua juu juu kama kifaranga na kujizuia kukohoa. Kohozi linakaa chini ya mapafu na kuanza kuharibika huko huko.

"Linaoza?" nikamuuliza.

"Linaleta nimonia, baba. Wengi kisu hawakiogopi bure, ila wanachokiogopa sicho. Mara nyingine jeraha liko salama kabisa, mtu anaondoka kwa kifua. Tukiutia nguvu huu msuli kabla, siku hiyo utaweza kuvuta hewa ya kutosha na kukohoa."

Akanipa kile kidude. Plastiki, springi ndani, na mahali pa kuweka mdomo. Unabana pua, unafumba midomo kukizunguka, unavuta. Springi inakataa. Unavuta mpaka mishipa ya shingo inatoka, ndipo hewa inapita. Alinihakikishia kwamba sehemu ya mdomo ni mpya na kwamba kilichobaki kimesafishwa kwa dawa. Nikaitikia. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nafikiria vinywa vya watu. Nani amekitumia kabla yangu? Alikuwa na meno? Alitemea wapi?

Unajua nilivyo. Situmii kikombe cha mtu. Hata kwenye pombe za harusi nilikuwa nakwenda na kikombe changu, na watu wakanisema. Sasa nakaa kwenye kiti uani, pua imebanwa, mate yananitiririka kidevuni mpaka kwenye shati, na watoto wa jirani wako ukutani wanachungulia. Siku ya pili nikakitupa kwenye majivu. Nilimwambia mama yako nitapasuliwa hivi nilivyo, na Mungu akitaka nipone nitapona.

Jioni wewe ukakileta kikiwa kinang'aa.

"Nimekisugua, baba."

"Kwa nini?"

"Kwa mswaki wangu."

"Na mswaki?"

"Nitatafuta mwingine."

Sikuwahi kukuambia nilivyojisikia. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikabana pua, nikavuta. Nikavuta asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, na kila tuliporudi kwa Dada Rehema alikaza springi kidogo nikamchukia upya. Lakini siku moja nikapanda kilima cha kanisani bila kusimama kwenye lile jiwe langu la kupumzikia, nikafika juu, nikageuka kutazama nyuma kwa sababu sikuamini.

Ni wakati huo baba yako mdogo alipokuja kunitazama. Alinikuta kwenye kiti.

"Kaka, siku hizi unanyonya?"

Akacheka peke yake. Kisha akakichukua kile kidude, akakigeuza, akachungulia ndani, akauliza kinafanyaje kazi, kinatoka wapi, na kama watu wenye uvimbe kama wangu ni wengi kule hospitali. Nilimweleza yote kwa furaha. Nilidhani ananijali, Festo. Bado nikikumbuka nilivyokuwa nikimwonyesha, nikimwambia bana hapa, fumba hapa, nataka kutapika.

Siku ya upasuaji na zile zilizofuata huna haja nikukumbushe kwa urefu. Niliamka nikahisi mtu ameniacha na panga tumboni. Kesho yake tu Dada Rehema akafika, akanikalisha, akanikunjia blanketi akanikumbatisha juu ya jeraha, akasema, "Vuta. Shikilia. Sasa kohoa." Nikamwambia hajui anachokisema. Akasema tena. Nilipokohoa lilitoka kohozi jeusi, zito, la rangi ya maji ya tumbaku, na naapa lilikuwa na harufu ya bani. Miaka yote ile ilikuwa imekaa ndani yangu. Wewe ulishika beseni. Nilikuona ukigeuza uso, ukameza mate, ukaurudisha. Hukujua kwamba nilikuwa nakutazama. Mtu ambaye hasikii kinyaa kabisa akashika beseni, huyo hajanipa kitu kikubwa. Wewe ulisikia, na ukashika.

Nikakohoa kila siku. Nikatoka pale kwa miguu yangu. Hapo ndipo nusu yako inapoishia.

Yule mama wa Kasanda tuliyekaa naye kwenye benchi la hospitali unamkumbuka? Mama Devota, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kijani, aliyekuwa na uvimbe tumboni kama wangu. Yeye kifua chake kilikuwa kizuri, angeweza kupasuliwa mapema kuliko mimi. Lakini alikuwa anakiogopa sana kisu. Baba yako mdogo alikaa naye siku aliyonitembelea wodini, akamsikiliza kwa uvumilivu mkubwa, akaondoka na namba yake ya simu. Nilifikiri ana huruma.

Baada ya mavuno nilikwenda Kibondo kutafuta soko la maharage. Wewe ulibaki na mama yako. Nilikuwa napita pembeni ya soko nikasikia spika, na ndani ya spika sauti ya mdogo wangu.

"Kaka yangu wa damu," inasema, "baba mmoja mama mmoja, yuko Nyakitonto. Madaktari walimwandikia kisu. Akapuliza bomba hili. Asubuhi anapuliza, jioni anapuliza, uvimbe unayeyuka kama siagi. Leo analima!"

Nikasogea. Alikuwa na meza, kitambaa cheupe juu yake, na vibomba vimepangwa kama sigara. Kimoja kilikuwa cha kujaribia. Mzee mmoja alikipuliza, akakohoa, akakirudisha. Melkiori akakifuta kwenye suruali yake, akampa mwanamke aliyefuata, naye akakitia mdomoni. Nikachukua kimoja mezani. Kilikuwa kipande cha mpira wa dripu, wameshindilia sifongo ndani ili hewa ipite kwa shida. Upande mmoja kulikuwa na doa la kahawia lililokaukia ndani kwa ndani. Upande wa pili plasta ilikuwa haijabanduka yote, na kwenye gundi yake umenata unywele wa mkono wa mtu.

Naandika haya na midomo yangu imejikunja.

Na alikuwa anawaambia wapulize. Puliza! Ukishinda unapuliza ule msuli haupati lolote. Kazi yake ni kuvuta. Nilimweleza kwa mdomo wangu, uani kwangu, naye hakujali hata kukielewa alichokiiba.

Bado nimekishika ndipo nikasikia nyuma yangu salamu ya Kiha, "Mwakeye, baba Festo."

Alikuwa Mama Devota. Uso umekonda, tumbo limetangulia. Shingoni amevaa kile kibomba kwa uzi, kama watu wanavyovaa rozari.

"Bado hujapasuliwa, mama?"

"Sijapasuliwa. Napuliza." Akatabasamu. "Ndugu yako alisema hata wewe hukupasuliwa."

Festo, unajua kovu langu sipendi kulionyesha. Hata kwa mama yako mwenyewe, naoga akiwa hayupo. Limevimba, limejikunja, kama gunia lililoshonwa na mlevi. Lakini nilikwenda mpaka mbele ya ile meza, nikachomoa shati kwenye suruali, nikalipandisha mpaka kifuani, nikageuka kuwatazama watu.

"Kaka yake ni mimi," nikasema. "Kilichoniponya ni hiki hapa. Walinipasua, wakatoa uvimbe, wakanishona. Kile kidude nilichokuwa nacho kilinisaidia nihimili kupasuliwa. Hakikutoa uvimbe. Na nilikuwa navuta, sikuwa napuliza."

Spika ilikuwa bado inanguruma. Watu walitazama tumbo langu kwa namna ambayo nilijua watanitazama. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Kijana mmoja akacheka. Wengi wakaondoka kimya kimya wakijifanya hawakuwa wamesimama pale. Lakini wawili watatu, na hili ndilo lililonivunja, walinyoosha mikono kupita pembeni yangu, shati langu likiwa bado juu, wakanunua.

Melkiori alinivuta nyuma ya kibanda.

"Umenivua nguo mbele za watu, kaka."

"Nimevua zangu."

"Wale watu wanaogopa kisu. Hawaendi hospitali hata ukiwapiga. Mimi nimewapa kitu cha kushika."

"Mama Devota alikuwa na tarehe ya kupasuliwa. Umempa cha kushika akaiacha."

"Sikumzuia kwenda."

"Hii mipira umeitoa wapi?"

Akatazama pembeni. "Inatupwa tu, kaka. Ipo kwenye mashimo. Nimeichemsha."

Nilitema mate chini. Mimi, ambaye sijawahi kutema mate mbele ya mtu. Sikumtemea yeye, lakini alielewa.

Mama Devota alirudi hospitali wiki ile ile. Mume wake alimpeleka kwa pikipiki, wakaenda taratibu kwa sababu ya maumivu. Dada Rehema alimpokea, akaanza kumfanyisha mazoezi kama yangu, sasa kwa haraka. Walimpasua, wakatazama, wakamshona. Uvimbe ulikuwa umeshaenda kwenye ini. Hapakuwa na cha kutoa.

Mimi na mama yako tulikwenda Kasanda kumwona. Wewe tulikuambia tunakwenda msibani kwa mtu wa kanisa, na ulikuwa uongo wa siku chache tu, maana msiba ulifuata. Alikuwa amelala chumba cha mbele, anapumua vizuri, kifua chepesi kabisa. Dada Rehema alikuwa amefanya kazi yake na ile pumzi haikuwa na mahali pa kwenda. Mume wake alinitoa nje, akaniuliza kwa Kiha, polepole, kama mtu anayeogopa jibu: kama wangekwenda ile siku waliyopangiwa, ingekuwaje? Nikatazama mihogo yake. Nilijua jibu na sikumpa. Nilimwambia mambo ya Mungu hatuyajui. Huko ni kumficha mtu ukweli kwa jina la Mungu, na sijajisamehe, lakini bado sijui ningesema nini.

Melkiori alikuja kwenye mazishi. Alikuja na shati la kuazima lililopigwa pasi, akashika mikono ya kila mtu, akamwita marehemu dada. Wakati wa kutoa pole alisimama akasema tusimlaumu mtu, ahadi ilikuwa imefika. Kisha akala. Aliketi kinyume changu, akala wali na maharage, akaomba nyongeza, mafuta yanamng'aa kwenye kidevu. Mimi sahani yangu niliirudisha ilivyokuwa. Nilikaa pale, sikusema neno, kwa sababu ya bibi yako aliyekuwa ameketi kati yetu na mkono mmoja kwenye goti langu na mwingine kwenye goti lake.

Vile vibomba aliacha kuviuza. Hakuacha kwa kutubu. Aliacha kwa sababu habari zilitembea. Kwa muda akauza mafuta ya kuchua, sijui yametoka wapi. Sasa ana duka la dawa, lina rafu na kioo, na ukutani amebandika kibali, bibi yako amekiona kwa macho yake. Labda ni duka safi. Watu hubadilika, na mimi simwombei mdogo wangu mabaya. Ila nimelala naye kitanda kimoja utoto wote, na namjua anapokuwa mpole sana kwa mgonjwa.

Hii ndiyo nusu niliyokuficha. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa unampenda, alikufundisha baiskeli, na kwa sababu mimi mwenyewe ningependa mdogo wangu asiwe yule niliyemwona pale sokoni. Nimechelewa kukuambia, nimekuambia mzigo ukiwa umeshafungwa. Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi, una sababu.

Sitakwambia usiende. Utakwenda, utasimama nyuma ya kile kioo, na watu watakuja na uso kama wa Mama Devota, wanatafuta mtu wa kuwaambia kwamba hakuna haja ya hospitali. Hakuna wateja wepesi kuliko hao. Hawabishani na bei, hawarudishi bidhaa, na wanakushukuru. Siku ya kwanza utakapoona mmoja wao anauziwa chupa isiyomhusu, tumbo litakugeuka. Nakuomba usiione hiyo kuwa ni utoto au ushamba wa Nyakitonto. Baba yako mdogo atakuambia ndivyo biashara ilivyo, nawe utazoea. Atakuwa anasema kweli kuhusu kuzoea. Hata yeye, nakumbuka, alikuwa mtoto aliyekuwa analia kuku akichinjwa.

Mama yako ananiita sasa, amechoka kukunja. Nitakupa barua hii mkononi, na nakuomba usiisome ukiwa kwenye gari. Isome ukishafika, ukishamsalimia na kunawa, ukishaona mahali pa kulala. Kisha kaa naye, kula naye, fanya kazi yake yote iliyo halali. Ni baba yako huyo pia, sikuondolei.

Lakini siku utakapomwona mgonjwa anadanganywa mbele yako nawe ukaendelea kufuta rafu bila kusikia kinyaa chochote, funga mashati yako hata kama hayajakauka, urudi nyumbani.

Baba yako,
Ezekieli